Ayalandi ingeshatwaa Kombe la Dunia la raga kama vijana wasingechukuliwa na michezo ya Kigaeli?

#1 Muuguzi wa Limerick

Habari za leo wakuu.

Naishi Limerick, Ayalandi, mwaka wa 9 huu. Kijana wangu ana miaka 15. Jumanne na Alhamisi yuko kwenye halingi na klabu ya parokia yetu, Jumatano na Jumamosi yuko kwenye raga. Wiki iliyopita makocha wote wawili walinipigia simu, mmoja Jumatatu, mwingine Ijumaa. Hakuna aliyetamka neno "achague", lakini wote waliuliza swali lilelile: mwakani atakuwa wapi?

Tangu siku hiyo nalifikiria jambo hili hata nikiwa zamu ya usiku. Timu ya raga ya Ayalandi ilishika namba 1 duniani. 2022 ilikwenda Nyuzilandi ikawafunga wenyeji mechi 2 kati ya 3. 2023 ikashinda mechi zote 5 za mashindano ya Mataifa Sita ya Ulaya. Miezi michache baadaye, Kombe la Dunia kule Paris, wakatolewa robo fainali na Nyuzilandi haohao, 28 kwa 24. Wanaume wa Ayalandi hawajawahi kuvuka robo fainali ya Kombe la Dunia hata mara moja.

Hoja yangu: Nyuzilandi ina watu milioni 5 na ushei, Jamhuri ya Ayalandi nayo ni hivyohivyo. Ila kule mtoto mwenye nguvu na mbio anaanzia raga. Huku anaanzia GAA, na wengi hawatoki tena. Mnasemaje?

#2 Kibo10

Mkuu, kwanza tusaidie sisi tusiojua. GAA ni nini na hiyo halingi inachezwaje?

#3 Mjaluo wa Dublin

@Kibo10 GAA ni chama cha michezo ya asili ya Waayalandi, kilianzishwa Thurles, kaunti ya Tipperary, mwaka 1884. Michezo mikubwa ni miwili. Halingi inatumia gongo la mbao lenye ncha bapa na kampira kadogo kagumu, na kampira kanapaa juu ya vichwa kwa kasi ya kutisha. Kandanda ya Kigaeli unashika mpira kwa mikono na kuupiga teke. Kote ni watu 15 kila upande, milingoti ina umbo la H na wavu chini. Ukipitisha mpira juu ya mwamba kwa kawaida ni pointi 1, ukiingiza wavuni ni goli, thamani yake pointi 3.

La kushangaza ni hili: fainali zao zinajaza Croke Park, uwanja wa watu zaidi ya 82,000 hapa Dublin, na wachezaji hawalipwi mshahara. Ni wa ridhaa. Jumapili umemwona kwenye runinga, Jumatatu yuko darasani anafundisha watoto wako hesabu.

#4 Green Commando

Hapo kwa hoja ya mtoa mada sikubali. Nimecheza raga shuleni Kakamega na baadaye klabu, kwa hivyo naongea kama mtu wa uwanjani.

Angalia Australia. Kule vijana wanagawanywa na soka ya sheria za Australia, raga ligi, kriketi na kuogelea, na raga yetu hii ya watu 15 iko nyuma ya hizo zote. Lakini wametwaa Kombe la Dunia mara mbili, 1991 na 1999. Tena 1991 waliwatoa Ayalandi robo fainali palepale Dublin, 19 kwa 18! Kama kugawana vijana ndiyo sababu, Australia isingekuwa na kombe hata moja.

#5 Muuguzi wa Limerick

@Green Commando hoja nzito hiyo, nakubali. Lakini Australia ina watu wengi mara kadhaa kuliko huku. Wakigawana bado wanabaki na akiba.

#6 Pwani Mchangani

Nyie mnasahau historia. GAA walikuwa na marufuku: ukicheza raga, soka, kriketi au hoki, au hata ukienda kutazama tu, unafukuzwa uanachama. Marufuku hiyo ilidumu mpaka 2005! Vizazi vizima vya vijana havikugusa raga kwa sababu hiyo. Mti uliokatwa mizizi miaka yote hiyo utazaa lini?

#7 Mzee Kumbukumbu

Ndugu yangu @Pwani Mchangani, umechanganya kanuni mbili. Ile ya kuwakataza wanachama kucheza au kutazama michezo ya kigeni ilikuwa Kanuni ya 27, nayo ilifutwa 1971. Ya 2005 ni Kanuni ya 42, iliyozuia viwanja vya GAA visitumiwe na michezo mingine. Mwaka huo ililegezwa ili raga na soka zichezewe Croke Park wakati uwanja wa Lansdowne Road unajengwa upya.

Ila kuhusu ukali wa ile ya kwanza uko sahihi kabisa. 1938 Douglas Hyde, Rais wa nchi na mlezi wa GAA, alikwenda kutazama mechi ya soka ya Ayalandi na Poland. Wakamvua ulezi. Rais wa nchi! Sasa fikiria kijana wa kijijini angefanyaje.

Mfano mmoja: Moss Keane, mtu wa Kerry, alikuwa mchezaji wa kandanda ya Kigaeli. Alipoanza kuchezea raga chuoni Cork, marufuku ilikuwa bado ipo, akajiandikisha kwa jina la Moss Fenton. Baadaye akawa nguzo ya timu ya taifa ya raga. Kijiji chao, Currow, kidogo sana na kiko ndani kabisa ya Kerry ya kandanda, lakini kimetoa wachezaji 4 wa timu ya taifa ya raga.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: Michael Cusack, mwasisi mkuu wa GAA, mwenyewe aliwahi kucheza raga.

#8 Pwani Mchangani

Ahsante kwa masahihisho Mzee. Nimeelewa.

#9 Mjaluo wa Dublin

Mzee amegusa Croke Park, lazima niseme kitu hapa maana siku ile nilikuwepo.

24 Februari 2007, Ayalandi na Uingereza. Wasiojua historia wataona ni mechi tu. Lakini uwanja ule ndipo askari wa Waingereza walipowaua wachezaji wa Tipperary mwaka 1920, mechi ikiendelea. Jukwaa moja limepewa jina la Hogan, mmoja wa waliouawa. Sasa siku hiyo wimbo wa Malkia utapigwa hapohapo. Watu walikuwa na wasiwasi wiki nzima.

Ukapigwa. Uwanja ukatulia tuli, heshima tupu. Ulipofika wimbo wa Ayalandi, John Hayes, jitu la mstari wa mbele, alikuwa analia waziwazi. Mie mtu wa Kisumu, sina nasaba yoyote na nchi hii, na machozi yalinitoka. Ikaisha 43 kwa 13.

#10 Mzee Kumbukumbu

Nyongeza ndogo, maana watoto wetu wanasoma humu: waliouawa Croke Park 21 Novemba 1920 walikuwa 14, na mchezaji kati yao alikuwa mmoja tu, huyo Michael Hogan. Waliobaki walikuwa watazamaji, wakiwemo watoto.

#11 Fundi Baiskeli

Basi kwenye mechi hiyohiyo ya 2007 ndipo kuna jibu la uzi huu. Kumbukeni trai (bao la raga) ya Shane Horgan. Ronan O'Gara aliupiga mpira mrefu wa juu kutoka upande mmoja hadi mwingine, Horgan akaruka juu ya Mwingereza, akaudaka hewani, akaanguka nao ndani ya mstari. Ule si udakaji wa raga. Ule ni udakaji wa kandanda ya Kigaeli, na Horgan aliucheza mchezo huo Meath tangu utotoni.

Kwa hiyo mimi naona mtoa mada kageuza mambo. GAA haiwaibii raga, inawalelea bure. Rob Kearney, beki wa mwisho aliyekuwa hakosei mpira wa juu, ni zao la kandanda ya Kerry. Tommy Bowe alicheza Monaghan. Robbie Henshaw, Westmeath. Tomás O'Leary alikuwa nahodha wa vijana wa Cork waliotwaa ubingwa wa halingi 2001, kisha akawa skramuhafu (mgawaji wa mpira) wa Ayalandi.

#12 Muuguzi wa Limerick

@Fundi Baiskeli, Kearney wa Kerry? Jina limekupoteza mkuu 😄 Ni mtu wa Cooley, kaunti ya Louth, juu kabisa karibu na mpaka wa Kaskazini. Aliwachezea vijana wa Louth.

Ila orodha yako inanisaidia mimi. Hao ni waliovuka. Je, waliobaki ni wangapi? Kwa kila Darren Sweetnam, aliyeacha halingi ya wakubwa ya Cork akasaini Munster, timu ya raga ya kulipwa ya huku, na kufika timu ya taifa 2017, kuna vijana wangapi wa aina yake ambao hawakuvuka? Limerick hapa timu yetu ya halingi imetwaa ubingwa wa Ayalandi yote 2018, 2020, 2021, 2022 na 2023. Nawaona wale vijana mtaani. Warefu, mapaja kama magogo, wepesi. Nusu yao ningewavisha jezi ya Munster kesho.

#13 Fundi Baiskeli

Louth, sawa, nimekosea. Hoja inabaki palepale.

#14 Mama Neema Dublin

Jamani mnazunguka sana. Tatizo la raga ya huku ni ada.

Nafanya usafi wa ofisi, mume wangu anaendesha basi. Mwanangu wa kwanza alikuwa na mwili wa raga tangu ana miaka 11. Mwalimu wake akaniambia nimpeleke shule fulani ya kulipia, ndiyo njia ya kufika Leinster, timu ya raga ya kulipwa ya upande huu. Nikaenda. Walinipokea vizuri, wakanipa karatasi ya ada, nikaisoma nikiwa kwenye basi kurudi nyumbani. Sikuwaonyesha watoto. Shule ya serikali aliyokwenda haikuwa na raga kabisa, ilikuwa na kandanda ya Kigaeli na mpira wa kikapu.

Kule Leinster wachezaji wengi wametokea shule chache sana, Blackrock na wenzake. Brian O'Driscoll mwenyewe ni wa Blackrock. Timu ya taifa imejengwa juu ya shule hizo. Sasa mnailaumu GAA kwa nini? GAA wana klabu zaidi ya 2,000, kila parokia ipo, na mtoto anaingia kwa pesa kidogo. Raga imejifungia mlango yenyewe, halafu inashangaa watoto wamekwenda kwa jirani.

#15 Green Commando

Mama Neema umesema ukweli mtupu. Kenya ilikuwa hivyohivyo, raga ni ya Lenana na Nairobi School, sisi wa kina Kakamega tunapewa mpira wa miguu. Milango ilipofunguka, leo Kabras Sugar wa kwetu ni mabingwa wa Kenya Cup zaidi ya mara moja. Vijana walikuwepo siku zote.

#16 Muuguzi wa Limerick

Dada Mama Neema, pole sana, na nakuheshimu. Ila Limerick si Dublin. Huku raga ni ya watu wote, wabeba mizigo wa bandarini na madaktari pamoja. Young Munster, Shannon, Garryowen, hizo ni klabu za mitaa. 1978 Munster waliwafunga All Blacks, timu ya taifa ya Nyuzilandi, 12 kwa 0 pale Thomond Park, na wazee wa huku wanaisimulia kama imechezwa jana. Mlango uko wazi, na bado vijana wanagawanyika. Ndiyo maana nasema ada haielezi kila kitu.

#17 Mama Neema Dublin

Limerick ni mji mmoja kaka. Nchi ina kaunti 26, na kisiwa kizima 32.

#18 Daktari wa Mifugo

Naongeza Sean O'Brien wa Tullow, Carlow, na Tadhg Furlong wa Wexford. Watoto wa wakulima, si wa shule hizo. Furlong alikulia kwenye halingi na kandanda pia. Na huyo John Hayes aliyelia 2007 ni mkulima wa Limerick, alianza raga ameshakuwa kijana mkubwa, na akawa Mwayalandi wa kwanza kufikisha mechi 100 za taifa. Paul O'Connell naye alikuwa muogeleaji kwanza.

Mimi ninavyoona ni suala la miili. Halingi inataka mtu mwepesi wa kukimbia dakika 70. Propu wa kilo 120, yule mzito wa mstari wa mbele wa raga, hana kazi kule. Kwa hiyo GAA haiwezi kuwa inachukua mapropu. Kinachogombewa hasa ni mabeki na mawinga, watu wa mbio na mikono. Na ukitazama timu ya miaka ya karibuni, ni wapi walipojazwa wachezaji kutoka Nyuzilandi? James Lowe winga, Bundee Aki kati, Gibson-Park skramuhafu. Palepale! Sijui kama ni bahati mbaya au ni pengo lililoachwa na kandanda.

#19 Green Commando

@Daktari wa Mifugo hiyo ndiyo hoja bora ya uzi mzima, ingawa inanipinga. Nitaifikiria.

#20 Zuhura Galway

Hodi. Mimi naandika kama mzazi, mpira sijawahi kucheza.

Mume wangu alifariki miaka minne iliyopita hapa Galway, ghafla. Ndugu wote wako Tanga. Binti yangu alikuwa anacheza kamogi, ile halingi ya wasichana. Siku ya pili jioni mlango ukagongwa, wanawake wa klabu, na vyungu. Wiki mbili nzima sikupika. Siku ya mazishi vijana wa klabu walisimama barabarani pande zote mbili, wamevaa jezi, mpaka gari likapita.

Mwaka jana kocha wa raga alimtaka binti yangu, akasema ana mbio. Binti akajibu, "Mama, wale walisimama barabarani." Sikumwambia neno. Hesabu za watu milioni 5 sizijui, lakini nadhani hapo ndipo raga inaposhindwa kuwatoa.

#21 Mjaluo wa Dublin

Pole dada Zuhura. Mungu amrehemu.

#22 Muuguzi wa Limerick

Pole sana dada. Nimesoma mara mbili. Klabu yetu ni hivyohivyo, walitusaidia kuhama nyumba bila kuombwa.

#23 Pwani Mchangani

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Dada, Tanga gani? Mie mama yangu wa Pangani.

Kwenye mada: kama ni mapenzi ya parokia, mbona soka ya sheria za Australia inawatoa? Tadhg Kennelly wa Kerry alikwenda Sydney, akatwaa ubingwa wa Australia 2005, akarudi akatwaa wa Ayalandi na Kerry 2009. Zach Tuohy na Mark O'Connor walishinda na Geelong 2022. Wanalipwa kule. Pesa inaongea.

#24 Mzee Kumbukumbu

Kennelly umemtaja vizuri, ila tazama alifanya nini: alirudi. Conor McKenna vilevile, alirudi akatwaa ubingwa na Tyrone 2021, ndipo akaenda tena Australia akashinda na Brisbane 2024. Na raga inalipa tangu 1995. Kama pesa pekee ingetosha, timu za halingi zingekuwa tupu kwa miaka 30 sasa.

#25 Zuhura Galway

@Pwani Mchangani Ngamiani, Tanga mjini. Halafu naona mnaongea humu kana kwamba Ayalandi haijawahi kuvuka robo fainali. Wanawake wa raga wa Ayalandi waliwafunga Nyuzilandi Kombe la Dunia 2014 na wakafika nusu fainali. Mwaka uliotangulia walishinda mechi zote za Mataifa Sita. Niamh Briggs alicheza kandanda ya Kigaeli Waterford. Lindsay Peat alitoka kandanda ya Dublin akaanza kuichezea Ayalandi raga akiwa na miaka 30 na kitu. Kwao GAA ilikuwa daraja.

#26 Muuguzi wa Limerick

Nimesahihishwa kwa haki. Niliandika "wanaume" kwenye bandiko la kwanza, ila kichwa cha uzi sikuandika.

#27 Kipkelion

Nje ya mada kidogo. Waayalandi hao ndio walioleta mabradha wa St Patrick's Iten. Brother Colm O'Connell, mtu wa Cork, alifika 1976 kufundisha jiografia, mpaka akamlea David Rudisha aliyekimbia mita 800 kwa 1:40.91 London 2012. Najiuliza, kwa nini hakutufundisha halingi?

#28 Mjaluo wa Dublin

😂 Kipkelion, aliona miguu yenu akajua gongo litawachelewesha.

Ila umenikumbusha jambo. Watoto wa wahamiaji wameanza kuingia GAA. Boidu Sayeh, mzaliwa wa Liberia, amechezea kandanda ya wakubwa ya Westmeath. Seán Óg Ó hAilpín, mama yake wa Fiji, alikuwa nahodha wa Cork waliotwaa halingi 2005. Fiji, wakuu! Nchi ambayo mtoto wake yeyote ungedhani ataangukia raga. Alipohamia Cork, akashika gongo.

#29 Daktari wa Mifugo

Hilo la Fiji limenimaliza.

#30 Kibo10

Nimejifunza mengi. Mtoa mada, tuambie sasa, kijana mwenyewe amesemaje? Maana makocha wameongea, sisi tumeongea, yeye bado.

#31 Muuguzi wa Limerick

Nilimuuliza jana wakati namrudisha kutoka mazoezini. Akaniambia raga anaipenda zaidi. Nikamuuliza basi tuwaambie watu wa halingi? Akanyamaza mpaka tukafika nyumbani. Akashuka, akachukua gongo kwenye buti, akaacha viatu vya raga humohumo.

Jumamosi hii ana mechi ya raga ugenini, Jumapili saa 5 asubuhi ana halingi hapa parokiani. Nimeomba zamu ya usiku ili nimpeleke kote. Aliye karibu na Limerick Jumapili anikaribie, chai ipo.

#32 Zuhura Galway

Galway si mbali. Tutakuja na binti, nitaleta vitumbua.